Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya: mgonjwa wa sukari asingoje kukatwa mguu ndo aambiwe kuna upasuaji

Waheshimiwa, shikamooni.

Barua hii iende kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, wabunge wetu wa Kilimanjaro na Arusha, waganga wakuu wa mikoa yote miwili, wakurugenzi wa hospitali, na nyie mnaokaa kwenye bima mnaamua kipi kilipwe na kipi kisilipwe. Naandika nikiwa Moshi, nauza viatu vya mitumba pale soko la Memorial, nina kisukari aina ya pili na nahudhuria kliniki kama wenzangu. Sio daktari wala nesi, kwa hiyo mkiona mahali naongea kama mtu wa mtaani mjue ndo mtu wa mtaani kweli.

Shida yetu ni hii. Mgonjwa wa sukari huku kwetu habari ya upasuaji anaambiwa mara moja tu, siku ya kukatwa mguu. Kabla ya hapo miaka kumi, kumi na tano, ni vidonge vya metifomini, ni sindano, ni "punguza wanga mama", basi, unaandikiwa tarehe nyingine unarudi nyumbani. Hakuna anayekukalisha chini akakwambia kwamba kuna upasuaji wa kuishusha sukari yenyewe, kuna wa kuuokoa mguu kabla haujaoza, kuna wa jicho, kuna wa kuandaa mkono mapema figo zikianza kuchoka. Yote hiyo ipo duniani miaka mingi na mingine ipo hapa hapa nchini, ila sisi kisu tunakutana nacho mwishoni kabisa wakati hakina cha kuokoa zaidi ya roho. Alafu kwa sababu kinakuja mwishoni watu wanakiogopa, wanakimbilia kwa wauza dawa za kienyeji, wanajifungia ndani na kidonda mpaka kinaanza kunuka, na mkija kuwaona mnasema wakaidi.

Naanza na upasuaji wa tumbo maana huo ndo wengi huku hawajawahi kuusikia, au wamesikia kama habari za mastaa wanaotaka shepu. Aina ni nyingi ila mbili ndo zinafanyika sana. Ya kwanza daktari anatoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, robo tatu au zaidi, kinachobaki ni kembamba kirefu kama ndizi. Ya pili hawatoi kitu, wanatenga kimfuko kidogo sana kule juu alafu wanauvuta utumbo mwembamba wanauunga hapo, yaani chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na ule mwanzo wa utumbo kinatua mbele. Siku hizi mara nyingi inafanyika kwa matundu madogo na kamera, hawakupasui tumbo zima.

Sasa mtu anaweza kusema ah si wanashuka sukari kwa sababu wamekonda tu. Kukonda kunasaidia sana kwa kweli, lakini kilichowashangaza madaktari ni kwamba kwa wagonjwa wengi sukari inaanza kushuka ndani ya siku chache, suruali hata haijaanza kulegea. Chakula kikifika haraka kule chini ya utumbo, utumbo unamwaga homoni zinazoisukuma kongosho itoe insulini, ile inayoshusha sukari, mojawapo inaitwa GLP-1, na hizi sindano mpya za kupunguza uzito ambazo kila mtu anaziongelea zimetengenezwa kuiga homoni hiyo hiyo. Kwa hiyo utumbo wenyewe ni sehemu ya ugonjwa huu na ni sehemu ya tiba, na sisi miaka yote tunaambiwa habari ya kongosho tu.

Na sio kitu cha jana. Mwaka 1995 daktari mmoja wa Marekani, Walter Pories wa kule North Carolina, alitoa taarifa ya wagonjwa wake waliofanyiwa ule wa kuunga utumbo, kati ya 146 wenye kisukari cha ukubwani, ndo hiki cha aina ya pili, 121 sukari yao ilirudi kawaida na ikakaa. Hapo unaweza kuuliza, je wangepewa dawa nzuri wakafuatiliwa vizuri si ingekuwa hivyo hivyo? Ndo maana hospitali ya Cleveland Clinic ya huko huko Marekani ikachukua wagonjwa 150 ikawagawa mafungu matatu, fungu moja dawa peke yake na kufuatiliwa kwa karibu, fungu la pili dawa na upasuaji wa kuunga utumbo, fungu la tatu dawa na ule wa kupunguza tumbo. Baada ya miaka mitano wakaangalia ni wangapi kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu kimekaa asilimia 6 au chini. Wa dawa peke yake walikuwa asilimia 5, wa kupunguza tumbo 23, wa kuunga utumbo 29. Mi nauza viatu lakini hesabu hiyo naielewa.

Naomba nisieleweke vibaya, maana najua kuna watu wakisoma hapa wataanza kusambaza kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba kisukari kimepatiwa dawa. Hakijapatiwa. Kule Sweden waliwafuatilia watu wengi waliofanyiwa upasuaji wa uzito, wale waliokuwa na kisukari, baada ya miaka miwili asilimia 72 hawakuwa nacho tena, ila baada ya miaka kumi waliobaki salama ni asilimia 36, wengine kilirudi. Kilirudi baada ya miaka mingi ya sukari kukaa chini, na miaka hiyo ndo macho na figo vinapumua, kwa hiyo sio hasara, lakini mtu aambiwe ukweli wote. Na wanaofaidika zaidi ni wale ambao kisukari bado kichanga, miaka michache, kongosho bado ina nguvu, hawajaanza insulini. Mnaona sasa kwa nini kusubiri ni kosa? Yule anayefaa zaidi ndo yule ambaye leo anapewa vidonge na kuambiwa aende zake.

Na hatari zipo. Ni upasuaji mkubwa, pale walipounga panaweza kuvuja, damu inaweza kuganda kwenye mishipa, kuna watu wanafariki. Kwenye utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliotoka 2009 walikuwa kama watu 3 kwa kila 1,000 ndani ya siku 30, na hizo ni hospitali zilizozoea kazi. Ukishafanyiwa, vitamini na madini unameza maisha yako yote, B12, chuma, kalsiamu, vitamini D, ukiacha unapata upungufu wa damu au ganzi nyingine juu ya ganzi ya kisukari. Ukila vitu vya sukari sana unatokwa jasho, moyo unaenda mbio, unaharisha. Pombe inapanda kichwani haraka, na hapa kwenye nchi ya mbege hilo lisemwe kwa herufi kubwa. Na wale wa kisukari aina ya kwanza, watoto na vijana ambao miili yao haitengenezi insulini kabisa, upasuaji huu hauwatoi kwenye insulini, asije mtu akawadanganya wazazi akawachukulia hela.

Lakini mwaka 2016 mashirika 45 ya kisukari na ya upasuaji kutoka sehemu mbalimbali za dunia, likiwemo lile shirikisho la kimataifa la kisukari, yalikubaliana kabisa kwamba hii ni tiba ya kisukari aina ya pili na iwekwe kwenye mwongozo. Wanapima uzito kwa urefu, ile namba mnayoiita BMI. Ukiwa 40 na kuendelea unashauriwa upasuaji moja kwa moja, 35 mpaka karibu na 40 kama sukari inakataa kushuka kwa dawa, na hata 30 mpaka 35 mnaweza kukaa na daktari mkafikiria. Sasa chukua mama wa sokoni wa kawaida, urefu mita 1.60, kilo 95. Namba yake ni 37. Njooni Memorial siku ya Jumamosi mtembee kwenye vibanda, mtawaona wangapi? Ule utafiti wa taifa wa 2012 wenyewe ulisema kati ya Watanzania wa miaka 25 mpaka 64, asilimia 9.1 wana kisukari na asilimia 26 wana uzito uliozidi, na hiyo ni zamani, kabla chipsi mayai haijawa chakula cha mchana cha kila kijiwe.

Hapa sasa nawageukia watu wa bima. Nimeuliza kwa heshima zote dirishani, nikaambiwa hayo ni mambo ya urembo. Dada aliyenijibu simlaumu, amefundishwa hivyo, ila nyie wakubwa mnajua sio kweli. Mtu mwenye sukari 18 kila asubuhi, anameza dawa aina tatu, miguu inawaka moto usiku, huyo anatafuta urembo gani jamani? Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, sasa ndo wakati wa kuandika kwenye kitita, ile orodha ya huduma zinazolipwa na bima, waziwazi kwamba mgonjwa wa kisukari aliyefikia vigezo analipiwa upasuaji wa tumbo, analipiwa na zile vitamini za baadaye, analipiwa na mtu wa lishe wa kumfuatilia. Kama hela haitoshi semeni haitoshi, wekeni idadi kwa mwaka, wekeni vigezo vikali, tutaelewa. Ila kuita ugonjwa urembo ili faili lifungwe hilo hapana.

Mtasema nendeni Dar. Ni kweli pale hospitali ya Mloganzila wameanzisha huduma za kupunguza uzito, wanaweka lile puto tumboni linalokaa miezi kadhaa alafu linatolewa, na hilo puto hata sio upasuaji. Vizuri, tunawapongeza. Lakini kutoka Moshi mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 500, na mtu aliyefanyiwa upasuaji huu anahitaji kuonwa mara kwa mara mwaka wa kwanza, apimwe damu, apunguziwe dozi maana akiendelea na dozi ya zamani sukari itashuka mpaka azimie. Nauli ya basi, pa kulala kwa ndugu, duka limefungwa, nani ataweza?

Na kanda hii haina upungufu wa wataalamu. KCMC ipo tangu 1971, ni hospitali ya rufaa ya kanda nzima na inafundisha madaktari wapasuaji kila mwaka. Kile chuo cha madaktari wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini ofisi yake kuu iko Arusha, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi. Yaani wanaosimamia mafunzo ya kisu kwa nchi zote hizi ni majirani zetu, mgonjwa wa hapa hapa akitaka upasuaji wa kisukari anaambiwa panda basi. Tunaomba timu moja tu, moja kwa kanda nzima, daktari mpasuaji aliyesomea hilo, daktari wa kisukari, wa usingizi, mtu wa lishe, nesi wa kufuatilia, waanze na wagonjwa wachache kila mwezi. Arusha, Manyara, Tanga wote watakuja hapo.

Sasa mguu. Hapa naomba mnivumilie maana hapa ndo naishi.

Kazi yangu ni miguu. Mtu akija kibandani mi naangalia mguu kwanza, uso baadaye. Kuna wateja wanakuja wanataka raba moja namba 41 na nyingine 44, wanaona aibu kusema, wananiambia "nitafutie tu kubwa", najua kwamba mmoja una bandeji. Mwezi wa kwanza ndo wanakuja kwa wingi, Desemba watu wamerudi nyumbani wamevaa viatu vipya vya sikukuu, vimebana, mguu una ganzi hausikii, wametembea navyo kutoka kanisani mpaka Kibosho juu huko wakivua soksi ina damu. Wengine ni makaa ya moto. Baridi ya mwezi wa saba mtu anasogeza miguu kwenye jiko apate joto, ngozi inaungua na yeye anapiga stori, hana habari. Na kuna panya pia, sio utani, Dar es Salaam madaktari wameshaandika kabisa kuhusu wagonjwa wa sukari waliotafunwa vidole na panya usiku wakiwa wamelala, kwa sababu ya ganzi hiyo hiyo.

Shangazi yangu alianza na kidole gumba, kidonda kidogo kama tundu la msumari. Akaenda kituo cha afya wakamfunga gozi, akarudi, wakabadilisha gozi, akarudi tena, wiki zikaenda, kila mara gozi na spirit tunanunua wenyewe. Hakuna aliyewahi kumwambia vua na kile kiatu kingine tuone. Siku tulipompeleka hospitali kubwa zaidi daktari kijana alichukua kichuma chembamba kisafi akakiingiza polepole kwenye kile kitundu, kikaingia kikaingia, tukasikia kimegonga. Akatuangalia akasema huo ni mfupa. Shangazi hakustuka hata, hakusikia kitu, anaongea habari za ng'ombe wake. Kwa nje kidonda kilikuwa kidogo, ndani kimeshafika kwenye mfupa na mfupa umeoza. Wakaondoka na kidole, baadaye nusu ya mguu, baadaye chini ya goti. Tumepita tieta, chumba cha upasuaji, mara tatu kwa kitu ambacho kingemalizwa mara moja mwanzoni, kikasafishwa, nyama mbovu ikatolewa, usaha ukatoka, mguu ukapumzishwa usikanyagwe.

Hiyo ndo nawaambia kisu kije mapema. Upasuaji mdogo wa kusafisha kidonda cha mguu wa sukari hauhitaji mashine ya mabilioni, unahitaji daktari aliyefundishwa, tieta ndogo iliyo wazi, dawa, na mtu wa kusema leo hii, sio wiki ijayo, maana mguu wa sukari ukishaingia maambukizi ni masaa. Miguu mingi inayokatwa kwa sababu ya kisukari, kama 85 kwa kila 100, ilianza na kidonda cha kawaida. Na kukatwa mguu sio mwisho wa hadithi, wengi sana hawamalizi miaka mitano baada ya hapo, sio kwa ajili ya mguu, ni moyo na mishipa imeshachoka mwili mzima.

Na hili nchi yetu ilishawahi kulifundisha dunia. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walianzisha mpango wa hatua kwa hatua wa mguu wa kisukari, Tanzania na India, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakawa wanafundisha daktari na nesi wawili wawili kutoka mikoani, wanawapa vifaa vidogo vidogo, wanarudi kwao kufungua kliniki ya miguu. Nchi nyingine zimeuchukua mpango huo wakautumia kwao. Sasa naomba nielezwe, leo nikiwa na kidonda mguuni Rombo au Same au Monduli au Karatu, kliniki ya mguu iko chumba namba ngapi, siku gani, nesi gani? Kama ipo wekeni tangazo. Kama waliofundishwa wamehamishwa wodi ya wazazi au wamestaafu, wafundisheni wengine. Ule uzi wa plastiki wa kugusia nyayo kupima ganzi ni kitu kidogo kabisa, kinakaa mfukoni, na sijawahi kuguswa nao hata siku moja mpaka nilipomuomba mwenyewe daktari mwanafunzi anipime.

Tena kabla hamjakata, pimeni mishipa. Mguu mwingine hauponi kwa sababu damu haifiki, mishipa imeziba, na mishipa kuna namna ya kuizibua, kwa kupitisha kipira ndani au kwa kuunga mshipa mwingine upite pembeni. Sio kila mgonjwa anafaa, lakini aulizwe kwanza. Ile mashine ndogo ya kusikiliza damu mguuni na mkanda wa presha vinatosha kuanzia, na kila hospitali ya wilaya inaweza kuwa navyo. Isiwe kwamba anayeamua mguu ukatwe hajawahi hata kupapasa kama kuna mapigo juu ya unyayo.

Macho nayaongelea kwa kifupi maana hapo Kilimanjaro tunajitahidi, idara ya macho ya KCMC imekuwa na mpango wa kuwapima macho wagonjwa wa sukari mkoani, wanapiga picha nyuma ya jicho, wanaohitaji wanapelekwa kwenye leza au upasuaji wa kutoa damu iliyovujia ndani. Shida ni watu wengi hawaendi mpaka giza limeingia, maana ugonjwa huo hauumi. Muwape hela waendelee na muupeleke Arusha na Manyara, basi.

Figo nazo. Mgonjwa ambaye figo zinaelekea kuchoka anajulikana miezi kabla, vipimo vinaonyesha. Kuna upasuaji mdogo wa mkono wa kuunga ateri, mshipa unaotoa damu kwenye moyo, na vena, unaoirudisha, ili mshipa ukue unene wa kutosha kwa sindano za kusafisha damu, na unahitaji wiki kadhaa kukomaa. Ukifanywa mapema mtu anaanza kusafishwa kwa mkono. Usipofanywa anachomekwa mrija shingoni kwa haraka, mrija unaingiza maambukizi, anaanza maisha ya kusafisha damu na homa. Wangapi wanapelekwa kuungwa mapema? Na kupandikizwa figo kumeanza nchini tangu 2017 hospitali ya Muhimbili Dar na 2018 hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma, watu wa huku waambiwe hilo mapema, ndugu wapimwe mapema.

Kuna mzazi mmoja wa mtoto mwenye aina ya kwanza aliniomba niulizie pia kupandikizwa kongosho. Ipo, ya kwanza duniani ilifanyika 1966 Minnesota, na mwaka 2000 watu wa Edmonton kule Kanada walipandikiza zile chembe za kongosho tu kwa wagonjwa saba wakaacha insulini. Lakini ukishapandikizwa unameza dawa za kushusha kinga maisha yote, mara nyingi kongosho linapandikizwa kwa mtu ambaye anapandikizwa na figo pia, na kwa hali yetu mtoto huyo anachohitaji leo ni insulini isiyokatika na vijiti vya kupimia sukari. Hilo nalo ni la kwenu.

Kingine ambacho hakigharimu hata shilingi, au tuseme kinagharimu kidogo, ni mawasiliano baina yenu wenyewe. Daktari wa kliniki ya sukari na daktari mpasuaji wako jengo moja na hawaongei. Mgonjwa wa sukari anaandikiwa upasuaji wa henia, anakaa na njaa toka usiku, asubuhi wanapima sukari wanakuta 19, anarudishwa nyumbani, anaambiwa ikashuke kwanza, nani amsaidie ishuke hakuna, anarudi baada ya mwezi hadithi ile ile. Nimeona hilo kwa jirani yangu wa kibanda cha tatu. Waheshimiwa wakurugenzi, wekeni siku moja kwa wiki wakae meza moja, wa sukari, wa kisu, wa macho, wa figo, wapitie mafaili ya wagonjwa wagumu. Na kwenye kila faili la kisukari ibandikwe karatasi moja ya Kiswahili inayomwambia mgonjwa upasuaji gani upo, nani anafaa, nani hafai, hatari zake, uko wapi, unalipwaje. Vikundi vya wagonjwa tutaisambaza wenyewe, mi nitaigawa kibandani na kila jozi ya viatu.

Nimalizie na nyie wa bima tena maana ndo mna funguo. Kukata mguu mnalipa, tieta mnalipa, kitanda mnalipa, shangazi mlimlipia mara zote tatu na tunashukuru. Sasa tunaomba mtujibu kwa maandishi, kabla bajeti ya wizara haijasomwa bungeni: kusafisha kidonda siku ile ile kwenye hospitali ya wilaya mnalipa kiasi gani, kupima mishipa ya mguu mnalipa kiasi gani, na mama wa namba 37 mwenye kisukari cha miaka mitatu akipewa rufaa ya upasuaji wa tumbo, fomu yake apeleke dirisha lipi?

Muuza viatu, Memorial, Moshi